Dole Gumba la Nesi

Walisema nitazaa mpaka nikauke. Mama mkwe wangu alilisema hilo huku akipepeta mtama, mbele ya wageni, bila hata kunitazama. Mjomba wangu kule Mbuba alisema msichana aliyeolewa ana miaka kumi na sita kalamu ya nini tena. Katibu wa kijiji alisema nikienda kusoma nitarudi kabla mahindi hayajakomaa, na tumbo jingine mbele. Leo nina stashahada ya uuguzi na ukunga. Nimejenga Mbuba nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna mume wala mjomba aliyechangia hata tofali moja. Katibu yule aliwahi kupita, akasimama barabarani akaitazama, nami nikamwacha asimame. Nayasema haya bila aibu kwa sababu niliyafanyia kazi. Lakini anayestahili kuandikwa ni Nesi, maana bila yeye ningekuwa nimekauka kweli, au nimeoza.

Jina lake silitaji. Kijijini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Nesi, kama vile kisima chetu kilivyoitwa kisima kwa kuwa hakikuwepo kingine.

Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Kaniha, wilaya ya Biharamulo, na kilikuwa kijiji cha operesheni. Watu walitolewa kwenye maboma yao, wakapangwa kwenye mistari kama mahindi: Wasubi, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na Wahangaza wachache kama mimi niliyeletwa pale na ndoa. Nesi alifika ndani ya lori la operesheni. Mimi sikuwepo siku hiyo, ila nilisimuliwa na wengi, na habari ilikuwa moja. Mgambo walikuwa wanachoma nyumba ili watu wasirudi walikotoka. Nyumba moja ilikuwa na mwanamke mwenye uchungu ndani, naye hakuweza kusimama. Mgambo mwenye kijinga cha moto alisema atoke au asitoke, amri ni amri. Nesi alishuka kwenye lori, akamnyang'anya kile kijinga, akampiga nacho sikioni. Mtoto alizaliwa ndani ya nyumba ile, na nyumba ikachomwa kesho yake. Nilipofika kijijini mgambo yule alikuwa na sikio lililokunjamana kama jani la tumbaku, na kila akimwona Nesi alivua kofia.

Nisieleweke vibaya. Hakuwa mwanamke wa huruma laini. Alitupiga. Nilipomzaa mtoto wangu wa kwanza, Masanja, nilipiga kelele kama walivyopiga dada zangu wote, na Nesi akanizaba kofi la paja lililoacha alama ya vidole vitano.

"Unamwimbia nani?" aliniuliza. "Mtoto anataka nguvu, hataki wimbo."

Nikanyamaza, nikasukuma. Baadaye, nikiwa mkunga mwenyewe, niliapa sitampiga mwanamke kitandani, na sijampiga. Lakini nakiri kwamba siku ile lile kofi lilinirudisha duniani.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu wa kutwanga, na alitembea haraka akiwa ametangulia kidevu. Hakumwita mtu kwa jina. Mimi nilikuwa "wewe wa Mbuba". Jirani yangu Kabula alikuwa "wewe wa sita", kwa idadi ya mimba zake, ingawa alianza kuitwa "wewe wa tatu". Mwanamke akifika mlangoni analia, Nesi hakuuliza kuna nini. Alisema, "Kadi kwanza," na akanyoosha mkono. Ukiwa umepigwa hadi jicho limefumba, kadi kwanza. Tulimchukia kwa hilo, na tulimchukia zaidi kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumwendea.

Mtu huyo huyo aliyempiga mgambo kwa moto aliogopa ng'ombe. Wasukuma wakipitisha mifugo kwenda kunywesha, Nesi alijibanza nyuma ya mlango wa zahanati mpaka mkia wa mwisho upite, hata kama kulikuwa na mzazi anamsubiri upande wa pili wa njia. Wazee walimcheka, nao wavulana wa machungani wakawa wanawapunguza mwendo ng'ombe kwa makusudi. Alijua, na siku ya chanjo wavulana wale walidungwa sindano butu kuliko wote.

Kanisani hakukosa Jumapili hata moja. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Padri wetu alikuwa mzee mwenye sauti nzito, na Jumapili moja alihubiri juu ya wanawake wanaofunga mlango ambao Mungu ameufungua. Hakumtaja mtu, lakini vichwa vyote viligeuka nyuma. Nesi alikaa amenyooka. Misa ilipokwisha alimfuata padri, akamwomba, kwa heshima kabisa, Jumapili ijayo awatangazie akina mama kwamba kliniki ni Jumanne na si Jumatano tena. Padri alimtazama muda mrefu. Jumapili iliyofuata akatangaza.

Sasa niseme juu ya vidonge, maana ndivyo vilivyomletea yote.

Serikali iliuita mpango ule uzazi wa majira, na vidonge vikaitwa vidonge vya majira. Nesi alisimama chini ya boriti ya mzani wa watoto akatueleza maneno hayo kama alivyofundishwa. Sisi tulikuwa wakulima. Majira kwetu ni mvua na kiangazi, hatukujua majira mengine. Wanawake waliopewa vidonge wakaanza kuvimeza mvua za kwanza zilipoanguka, kwa moyo mmoja, kila siku, maana jembe na mimba haviendi pamoja. Mavuno yalipoingia ndani wakaacha. Vilivyobaki wakavihifadhi na mbegu, vikisubiri msimu. Mvua iliyofuata ilipoanza, saba kati yao walikuwa na mimba.

Nesi hakucheka. Alimwita mmoja mmoja, akasikia habari ile ile mara saba, na ya saba ilipokwisha akalitupa boksi la vidonge ukutani. Tangu siku hiyo hakulitamka tena neno majira. Alisema ni dawa ya kila siku, kama chumvi.

"Hata kama mume amesafiri, Nesi?" aliuliza mama mmoja.

"Mumeo akisafiri unaacha kula chumvi?"

Lakini madhara yalikuwa yameshafanyika. Mume wa mmoja wa wale saba alikuwa amemruhusu mkewe kwa shida, naye akaona amefanywa mjinga. Alikuja zahanati na rungu. Alivunja dirisha, akavunja mtungi wa maji, kisha akampiga Nesi mgongoni mara mbili. Nesi alimng'ata mkono, na hakuuachia mpaka watu wanne walipomvuta. Kesho yake alimfunga yule bwana dawa kwenye jeraha la meno yake mwenyewe. Alimwomba kadi kwanza.

Nimesema mume alimruhusu. Hapo ndipo kwenye kiini cha habari hii. Kadi ya vidonge ilikuwa na nakala mbili, moja ya mwanamke na moja ya faili, na kila nakala ilikuwa na mstari chini kabisa: ridhaa ya mume, sahihi au dole gumba. Bila mstari huo kujazwa, hupewi. Na Nesi, aliyekuwa jasiri kwa moto na rungu, kwa karatasi alikuwa mtiifu kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisema karatasi ndiyo iliyomfanya yeye kuwa nesi, na asiyeiheshimu arudi kwa waganga wa mizizi. Wanawake wengi walirudi mikono mitupu. Wengi walirudi nyumbani wakapigwa kwa sababu tu ya kuuliza.

Kabula aliuliza mara tatu. Alikuwa amezaa sita na kuzika wawili, na miguu yake ilikuwa imevimba mishipa kama kamba. Mara ya kwanza mumewe alimtemea mate. Mara ya pili alimfungia nje siku mbili na mtoto mgongoni. Mara ya tatu alimpiga kwa ufito wa ng'ombe mpaka ngozi ya bega ikafunguka, na Kabula akaja zahanati hivyo hivyo, na kadi yake mkononi. Nilikuwa kwenye benchi na Masanja aliyekuwa na homa, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Nesi alimsafisha bega, akaipokea kadi, akaangalia chini.

"Rudi na dole lake," alisema.

Kabula alisema, "Nesi, huyu tumboni ameshaingia. Nilitaka kabla hajaingia."

Nesi akasema basi aje kliniki ya wajawazito Jumanne. Kabula akaondoka. Hakuja Jumanne. Alitumia kijiti cha muhogo, kama walivyofanya wengine kabla yake, na Alhamisi tulimleta juu ya mlango uliong'olewa, tukiwa wanawake watano, huku damu ikidondoka njia nzima hata mbwa wakatufuata. Alifia sakafuni kabla hatujamnyanyua kitandani. Nesi alifanya kila linalofanywa, na zaidi. Mikono yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye viwiko.

Baadaye alimwosha mwenyewe, hakukubali tumsaidie. Alipomaliza alikwenda mezani, akaitafuta kadi ya Kabula. Akafungua pedi ya wino wa mhuri, akalichovya dole gumba lake la kushoto, akaligandamiza pale kwenye mstari wa mume. Akaisubiri ikauke. Kisha akairudisha kwenye faili kana kwamba Kabula angekuja kesho kuchukua vidonge.

Sikumwambia mtu. Lakini wanawake huwa wanajua. Katika wiki chache zilizofuata, walianza kwenda mmoja mmoja, wakarudi na kitu kidogo kwenye pindo la kitenge. Nesi hakuuliza tena mume amesemaje. Aliuliza tu kama mume anajua kuandika au anapiga dole. Kama ni dole, aligandamiza lake.

Mimi nilikuwa na watoto watatu na miaka ishirini. Wa mwisho alikuwa amenichana vibaya, na Nesi mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba wa nne asipongoja miaka kadhaa, atatoka na roho yangu. Nilimwomba Baba Masanja aweke ridhaa. Alisema ng'ombe kumi na wawili waliokwenda Mbuba hawakwenda kununua mwanamke wa kupumzika. Basi nikaenda zahanati bila ridhaa.

"Mumeo anaandika au anapiga dole?" Nesi aliniuliza.

"Anapiga dore."

"Dole," akanisahihisha. Ulimi wangu wa Kihangaza ulikuwa bado haujanyooka. "Una hakika?"

Nikasema nina hakika. Nilisema uongo. Mume wangu alikuwa amehudhuria kisomo cha watu wazima msimu mzima. Alikuwa ameshika chaki kwa vidole vilivyozoea kukamua, akajifunza kuandika jina lake, na tangu hapo hakupiga dole popote. Aliliandika kwenye mpini wa jembe, na kwenye risiti ya pamba aliliandika juu na chini. Lakini niliwaza kwamba wino wa kidole ni kitu kidogo, ilhali kughushi mwandiko wa mtu Nesi angekataa. Sikuweza kumpa nafasi ya kukataa. Akagandamiza dole lake. Kwenye dole hilo kulikuwa na kovu, alilokatwa na kichupa cha dawa zamani, mstari mmoja wa mshazari uliopita katikati. Ulionekana wazi kwenye wino.

Vidonge nilivificha ndani ya chungu cha chumvi, kadi nikaichomeka chini ya kihenge. Nilimeza kila siku. Sikukosa hata siku moja, na hilo nalo najivunia, kwa sababu niliwaona wenye shule kubwa kuliko yangu wakisahau.

Kisha vita vikaja. Malori yalikusanya mgambo, na Baba Masanja akapanda wa kwanza, akiimba. Watu wa ng'ambo ya mto Kagera walipita kwetu wakikimbia, na magodoro na mbuzi na wazee kwenye baiskeli. Nesi aliwazalisha wawili kando ya barabara, mmoja chini ya lori lililokuwa linasubiri kuondoka, huku dereva akipiga honi. Kijijini walibaki mgambo wachache wa kulinda, na mmoja wao alijiona mfalme. Alikuwa akiingia nyumba za wake wa waliokwenda vitani bila kubisha. Alipoingia ya mama mmoja aliyejifungua juzi, huyo mama alipiga yowe, na Nesi akafika na mchi wa kinu. Alimvunja mkono mahali pawili. Kisha akaufunga vizuri kwa vijiti, akiwa anamwambia asitikisike la sivyo utapona umepinda. Ulipona umenyooka. Hakuingia tena nyumba ya mtu.

Wanaume waliorudi hawakuwa wale waliokwenda. Walirudi na buti, na macho yasiyotulia, na tuliambiwa tuwaheshimu kwa sababu wameilinda nchi. Tuliwaheshimu. Baba Masanja alirudi na kovu la risasi begani. Kila jioni alilifunua kilabuni na kila jioni walimpa pombe. Lakini miezi ilipita, na wake wa wenzake wakaanza kunenepa, na mimi nikabaki na tumbo la msichana. Kilabuni wakaanza kumuuliza kama ile risasi ilimpata begani kweli au chini zaidi. Mtu mmoja akasema bunduki imemla mbegu. Alirudi nyumbani amenyamaza. Nilimfahamu, kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kelele.

Alipekua nyumba nzima. Aliitoa kadi chini ya kihenge, akaifungua kwa mikono miwili.

"Hii kalatasi ni ya nini?"

Nikasema ni ya kliniki ya mtoto. Akaisoma polepole, kwa kidole, kama alivyofundishwa. Alipofika chini akasimama.

"Mimi sipigi dole," alisema. "Mimi naandika."

Alinipiga kwa mpini wa jembe, ule wenye jina lake. Alinivunja meno mawili na mfupa mmoja wa mkono, na swali lilikuwa moja tu, dole hili ni la nani, ni mwanamume gani uliyemleta akajiita mume wako. Nilistahimili kadiri nilivyoweza. Nimejisifu kwa mambo mengi katika maisha yangu, na nitaendelea, lakini hili sijisifii. Alipokanyaga ule mkono uliovunjika, nilisema ni la Nesi.

Asubuhi yake ilikuwa Jumanne. Baba Masanja alikwenda zahanati na wenzake wawili wa vitani, nami niliburuta miguu nyuma yao kwa sababu niliona anachukua panga na bado nilidhani naweza kufanya jambo. Ua ulikuwa umejaa wanawake na watoto. Wanaume wale waliingia wakamwaga faili mezani, wakazipanga kadi kwenye benchi moja baada ya nyingine. Wenzake wawili hawakujua kusoma. Lakini mstari ule wa mshazari katikati ya dole wasiojua kusoma nao waliusoma. Kadi kwa kadi, kovu ni lile lile. Mmoja wao alilikuta kwenye kadi ya mkewe, akaketi chini kama aliyepigwa.

Nesi alikuwa anampima mtoto. Alisoma kilo, akaziandika, akamtoa mtoto kwenye mzani akamkabidhi mama yake. Kisha akasema, "Ni langu."

Alidhani watamburuta kwa mwenyekiti. Nadhani hata Baba Masanja alidhani hivyo mpaka alipomwona amesimama vile, bila kuomba. Alimshika mkono wa kushoto, akaulaza kwenye benchi juu ya zile kadi, akakata mara moja. Hakukata vidole vingine. Alilitaka lile dole tu.

Nesi hakulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa huru, na karibu nao, kwenye jiko, lilikuwepo sufuria la sindano zinazochemka. Alilinyanyua kwa mkono mtupu, mpini wenyewe ukiwa wa moto, akammwagia usoni na shingoni, maji na sindano pamoja. Kelele aliyopiga mume wangu mpaka leo naisikia. Wenzake walimbeba wakakimbia, na wanawake waliokuwa uani waliwapiga kwa mawe, kwa viatu, kwa chochote, hadi barabarani.

Nesi aliketi sakafuni. Aliniona mlangoni, na midomo yangu iliyopasuka, na mkono ulioning'inia, akajua ni nani aliyesema. Hakulisema. Alinirushia nepi safi.

"Funga hapa. Kaza. Kaza, wewe wa Mbuba, mkono mmoja huo hauna nguvu?"

Nikakaza kwa mkono mmoja na meno niliyobakiza. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya uuguzi.

Walikuja watu wa kuuliza maswali. Waliona panga, waliona kadi, waliandika. Baba Masanja alikuwa ameilinda nchi, tena alikuwa ameungua vibaya, na ikasemwa kwamba pande zote mbili zimeumia. Ila kadi zilikuwa za serikali, na kuweka dole la uongo kwenye kadi ya serikali ni kosa. Barua iliyofika mwishoni haikuwa ya kumkamata mtu. Ilikuwa ya kumwachisha Nesi kazi. Aliondoka na sanduku la bati kwenye lori la pamba. Ng'ombe walikuwa wanavuka njia wakati ule, na lori likasimama kuwapisha. Nilimwona amefumba macho.

Mimi niliondoka mwezi huo huo na watoto watatu. Baba yangu alirudisha ng'ombe kwa uchungu na matusi. Nilipiga deki wodi za watu Mwanza, nikasoma usiku, nikafeli mtihani mara moja, nikaurudia, nikapita. Sitaki kuyarefusha. Walioshuku walishuku, na mimi nikafika.

Miaka ilipita kabla sijasikia kwamba Nesi yuko hai, anaishi karibu na Rusumo, chumba cha nyuma kwa mjane anayewapikia madereva wa malori. Nilikwenda. Nilivaa sare yangu nyeupe kwa makusudi na nikabeba stashahada yangu kwenye bahasha. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, amekuwa mdogo, macho yana ukungu.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi wa Mbuba."

"Umenenepa," alisema. "Nyayo zako nzito."

Nilimsomea stashahada nzima kwa sauti. Aliniuliza kama bado wanafundisha kuchemsha sindano. Nikamwambia siku hizi zinaanza kutumiwa mara moja na kutupwa. Akasema ni uharibifu. Kisha sikuweza kungoja tena, nikamwambia yale niliyokwenda kuyasema: kwamba mimi ndiye niliyemtaja, na kabla ya hapo mimi ndiye niliyesema mume wangu haandiki, na nilijua anaandika.

"Nilijua anaandika," alisema Nesi. "Alimleta mtoto wako wa pili kuchanjwa, akaandika jina lake kwenye daftari langu. Alitumia robo saa."

"Sasa kwa nini hukuandika jina, Nesi? Kwa nini uliweka dole?"

"Nyumba ile nani mwingine alikuwa ameshika kalamu? Ningeandika jina, angesema ni mwandiko wako. Dole angeona si lako. Lako ni dogo."

Mjane alileta uji, tukanywa. Malori yalikuwa yanapanda mlima kwa gia ndogo, ukuta unatetemeka. Aliniuliza watoto ni wangapi sasa. Nikamwambia watatu, wale wale, nilimaliza mwenyewe nilipotaka kumaliza. Aliitikia kwa kichwa.

"Na ule mstari wa mume," aliuliza, "bado mnaudai?"

"Mkubwa wangu wa kazi anaudai."

"Na wewe?"

Nilimpa mkono wangu wa kushoto. Aliupapasa kwa vidole vyake vinne mpaka akalifikia dole gumba, akalivuta mpaka puani, akanusa wino. Alikaa hivyo, dole langu limegusa mdomo wake.

"Ni hili hili kwenye kadi zote?" aliuliza.

"Zote."

Aliusukuma mkono wangu kama anayerudisha kitu kilichopikwa vibaya.

"Badilisha," alisema. "Unavyo kumi."